Maji yakifika mstari mwekundu, nani aamue?

Masika yakishika kasi, Mto Msimbazi wa Dar es Salaam haungoji kikao. Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na bosi anayekaa Mbezi hafiki Kariakoo. Kama ghala lenu liko bondeni, jambo la kupanga mapema ni moja: nani anaruhusiwa kutenda bila kuuliza. Liandikwe kabla ya Machi, jua likiwa bado linawaka.

Anzeni na alama. Pakeni rangi kwenye ukuta wa nje, upande maji yanakoingilia: mstari wa njano sentimita 30 chini ya kizingiti, mwekundu sentimita 10. Vipimo hivi ni vya kuanzia tu; mlinzi mkongwe anajua maji yenu yanapanda kwa kasi gani, muulizeni. Yakifika njano, mlinzi anampigia mkuu wa zamu na magari yanatolewa. Yakifika mwekundu, anazima swichi kuu ya umeme papo hapo, mikono mikavu, miguu pakavu. Hapigi simu kuomba ruhusa. Kama sakafu ya pale kwenye swichi imeshalowa, asiiguse: watu watoke, TANESCO wapigiwe.

Mpango huu huharibika hivi. Mwaka wa kwanza mlinzi anazima, maji yanaishia kizingitini, na asubuhi anafokewa kwa ajili ya friza za samaki. Mwaka wa pili atapiga simu kwanza, na simu haitapokelewa. Kwa hiyo andikeni wazi kwamba hasara ya kuzima bure ni ya ofisi. Tena ni hasara ndogo: friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu, kama saa 24. Na kama mlinzi ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, msimamizi wake naye atie saini, la sivyo atafuata amri za kwao.

Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba mwamuzi hana muda, taarifa wala akili ya kupima kila njia, hivyo huchukua ile inayotosha. Basi semeni mapema kipi kinatosha: watu wako nje, umeme umezimwa, mzigo wa thamani uko mita moja juu ya sakafu. Mkishafika hapo, mjadala wa njia bora zaidi ufungwe.

Amri yenyewe ina namna ya kutolewa. Mwaka 1949, kule Mann Gulch, Montana, Marekani, moto wa nyika ukiwafukuza, kiongozi wa wazimamoto aliwasha moto mdogo mbele yake ili wenzake waingie kwenye majivu yake, pasipobaki cha kuungua. Hawakuelewa anakusudia nini, wakakimbia, 13 walikufa. Karl Weick, aliyechambua mkasa huo, anapendekeza maelezo ya hatua tano: hali, kazi, sababu, cha kuangalia, kisha niambieni mnaonaje. Kwa makuli wa ghalani inakuwa hivi:

"Jamani, maji yako njano. Tunapandisha unga juu. Pugu bado kunanyesha, na maji ya huko yanashukia kwetu. Wewe kaa na mlango wa nyuma. Haya, nimekosea wapi?"

Swali la mwisho aulizwe kwanza aliye mdogo kuliko wote, maana mkubwa akishasema, kwetu mdogo hunyamaza. Huenda ndiye aliyeona kwamba leo ni bamvua, na bahari ikijaa mto hautoki upesi pale daraja la Salander, unapoingia baharini.

Kiongozi mmoja asisimamie zaidi ya watu saba; watano ndiyo saizi. Grupu la WhatsApp libaki la taarifa tu. "Naomba mtu aangalie stoo" husomwa na ishirini, haendi hata mmoja. Amri itaje jina, ipigwe kwa simu, na aliyeipokea airudie kwa mdomo wake. Mtu mmoja aandike kwenye kauntabuku: saa, uamuzi, aliyeamua.

Maji yakipungua, mamlaka yanageuka. Mlinzi aliyeruhusiwa kuzima umeme peke yake haruhusiwi kuuwasha, na bosi vilevile, mpaka fundi umeme akague soketi na nyaya zilizoloa na kuandika kwenye daftari lilelile kwamba ni kukavu.