Kokwa za zambarau hazianikwi juani jamani

Juzi nimeletewa tena kopo la mbegu za zambarau. Safari hii ni mama mmoja kavuka nalo kutoka Sengerema, alishapanda viriba 200 (ile mifuko ya kuoteshea miche) na akamwagilia miezi miwili hakujachomoza hata kimoja, hizo za kwenye kopo ndo zilizobaki, anataka nimwambie apige dawa gani. Nikamuuliza mama, ulizihifadhije? Akanijibu kwa raha kabisa, nilizianika kwenye turubai siku nne mpaka zikawa zinalia kama kokoto. Basi mama yangu, zilifia hapo hapo kwenye turubai.

Kila msimu ni hivi hivi, Magu, Misungwi, Ukerewe, watu wanapoteza hela ya viriba, samadi ya kununua na nguvu za kuchota maji kwa sababu wanaichukulia kokwa ya zambarau kama mahindi. Mahindi ukiyakausha vizuri yanakaa ghalani mpaka msimu ujao na yanaota. Mzambarau hauko hivyo, mbegu yake inaishi kwa ule unyevu wa ndani, ukiutoa umeiua, na ukija kuiloweka baadaye haifufuki hata uiloweke wiki nzima. Hata ukiiweka kivulini tu bila kuianika inaisha nguvu yenyewe ndani ya kama wiki mbili. Na friji pia usijaribu, baridi inaiharibu.

Kwahiyo hesabu zako zianze siku zambarau ilipodondoka, sio siku ulipopata nafasi. Siku ya kwanza menya nyama yote, sugua kokwa kwa mchanga na maji mpaka utelezi uishe maana nyama ikibaki inachacha na kuleta ukungu. Zitie kwenye ndoo ya maji, zinazoelea tupa. Zilizozama zitandaze KIVULINI masaa machache tu, maji ya juu yakauke basi, halafu panda. Siku ya pili au ya tatu ziwe ziko kwenye udongo, ukichelewa sana isizidi wiki. Kama unazisafirisha, mfano umezitoa Ukerewe unazipeleka Kwimba, zichanganye na maranda ya mbao au mchanga wenye unyevu kidogo kwenye mfuko uliotobolewa, usizifungie kwenye kopo wala chupa, zitaoza.

Najua mtaniambia afisa, mvua bado. Hii ndo inayowaponza wengi, wanatunza kokwa wakisubiri vuli au masika kama wanavyosubiri kupanda mahindi. Kokwa panda kitaluni mvua iwepo isiwepo, umwagilie asubuhi na jioni, maji ya ziwa si tunayo? Anayesubiri mvua ni mche, ndo unauhamishia shambani.

Kiriba kiwe kirefu, inchi 9 kushuka chini, maana mzizi mkuu wake unakimbilia chini mapema sana. Kokwa izame sentimita 2. Nimeshakuta mtu kazizamisha kidole kizima, tafadhali, pima, sentimita 2 ni kama pingili moja ya kidole. Weka kichanja cha nyasi juu, jua la Mwanza la saa nane linachoma miche michanga. Zinaanza kuota baada ya wiki mbili hivi, nyingine zinachelewa mpaka ya sita, usizifukue kuangalia.

Kitu kingine, kokwa moja inaweza kutoa miche miwili mitatu hata zaidi, ndo asili yake, sio kwamba ulipanda mbili. Acha mmoja wenye nguvu, mingine ing'oe mapema ikiwa na majani mawili.

Shambani mnajua wenyewe, shimo na samadi, ila acha mita 10 mti hadi mti na usiuweke karibu na bati, huu mti unakuwa mkubwa na matawi yake yanakatika kirahisi kwenye upepo wa ziwani. Wa mbegu unakaa miaka 8 mpaka 10 ndo uzae, sasa ukipoteza msimu mmoja kwa kuanika kokwa fikiria umejirudisha wapi.

Ukiona majani mapya yanatoka na wekundu kidogo, mche uko salama.

Na wewe mwenye kokwa za mwaka jana ndani, usinunue viriba kwa ajili yake. Zimwage kwenye shimo la mboji, zambarau zikianza kudondoka okota mpya.