Namna ya Kupima Kama Nchi za Afrika Mashariki Zinakaribiana au Zinaachana Kiuchumi

Wiki iliyopita mpwa wangu, anayeandika tasnifu ya uchumi, alinikuta barazani hapa Langoni, Lamu, akafungua kompyuta yake na kuniuliza, "Mjomba, hapa Kenya imefanya nini?" Katika jedwali lake pato la kila Mkenya lilikuwa limepanda kwa takriban robo ndani ya mwaka mmoja. Kosa hilo nililitambua papo hapo, kwa kuwa mimi mwenyewe liliwahi kunikosesha usingizi siku mbili.

Hatua ya 1: Chagua nchi, kisha usibadilishe kundi. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya, Tanzania na Uganda zilianza pamoja mwaka 2000, Rwanda na Burundi zikajiunga 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024. Ukiiingiza Kongo kwenye hesabu kuanzia 2022, pengo litaonekana limepanuka ilhali hakuna aliyefukarika. Ni mgeni tu aliyebisha hodi. Mimi hutumia zile 5 za mwaka 2007.

Hatua ya 2: Pakua pato la taifa kwa kila mtu. Hapa usiharakishe. Kwenye hazina ya takwimu ya Benki ya Dunia utakuta mifululizo kadhaa yenye majina yanayofanana, nawe chukua ule unaozingatia uwezo wa kununua kwa bei zisizobadilika. Dola za kawaida ziache kabisa: mwaka 2023 shilingi ya Kenya ilianguka kutoka takriban 123 kwa dola hadi zaidi ya 150, na kwa kipimo hicho Mkenya angeonekana amefukarika ghafla, ilhali nguru wa sokoni kwetu hauzwi kwa dola.

Mfululizo wa nchi moja usiuunganishe kutoka vitabu viwili vya takwimu, jambo ambalo mpwa wangu alilifanya na mimi nililifanya kabla yake. Mwaka 2014 Kenya ilihamisha mwaka wake wa msingi, yaani ule ambao bei zake hutumika kuhesabia pato, kutoka 2001 hadi 2009, ikahesabu shughuli ambazo awali hazikuhesabiwa vizuri, na uchumi wa 2013 ukaonekana mkubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko ulivyokadiriwa hapo awali. Tanzania na Uganda nazo zimefanya marekebisho ya namna hiyo kwa nyakati zao. Ukichukua miaka ya mwanzo kutoka kitabu cha zamani na ya mwisho kutoka kitabu kipya, utakuwa unapima kazi ya watakwimu badala ya jasho la wananchi. Soma pia maelezo yaliyo chini ya takwimu: za Tanzania zimekuwa zikihusu Bara peke yake, kwa hiyo ndugu zetu wa Unguja na Pemba wamo katika Jumuiya lakini hawamo katika safu yako.

Hatua ya 3: Chagua mwaka wa kuanzia. Usianze na 1994. Mauaji ya kimbari yaliuangusha uchumi wa Rwanda karibu nusu mwaka huo, na sehemu ya ukuaji uliofuata ilikuwa ni kurudi ilikokuwa. Mwaka 2005, ulipoanza umoja wa forodha wa Jumuiya, una sababu inayoeleweka.

Hatua ya 4: Piga hesabu. Lahajedwali yatosha, sioni haja ya programu ya mamilioni kwa nchi 5. Geuza kila pato kwa LN (logi asilia), kisha tafuta STDEV (mchepuko sanifu, yaani jinsi namba zilivyotawanyika) ya nchi zote kwa kila mwaka: ikishuka mwaka hadi mwaka, pengo linapungua. Halafu tumia SLOPE (mwinamo wa mstari unaopita kati ya nukta) kulinganisha pato la mwanzo lililogeuzwa kwa LN na wastani wa ukuaji wa kila nchi. Jibu likiwa hasi, maskini wanakua haraka kuliko matajiri. Fanya vyote viwili, kwani maskini waweza kukimbia zaidi na pengo lisipungue, ikiwa misukosuko inawatawanya upya.

Usichanganye haya na vigezo vya itifaki ya umoja wa fedha wa Jumuiya ya 2013, kama vile mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8 na akiba ya fedha za kigeni ya miezi 4.5 ya uagizaji. Hivyo havipimi pato la mtu.

Hatua ya 5: Chora nukta za pato la mwanzo na ukuaji, moja kwa kila nchi, uandike jina la nchi kando ya kila moja. Kwa nukta 5, moja yaweza kuuvuta mstari wote. Ondoa Burundi, upige tena SLOPE. Irudishe, uondoe Rwanda, upige tena. Alama ya jibu ikibadilika, liandike hilo kwenye tasnifu kabla ya kuandika kwamba nchi zinakaribiana.