Somo: Namna ya Kuipokea Barua Inayoshukiwa, Hasa Ikiwa Imetoka kwa Mama

Somo hili linahusu miezi ya mwisho ya mwaka 2001 nchini Marekani, baada ya barua zenye unga wa kimeta (anthrax), ugonjwa wa viini unaoua mifugo na watu, zilizogongwa muhuri wa posta wa Trenton, New Jersey, kupelekwa kwenye vyombo vya habari na kwa maseneta Tom Daschle na Patrick Leahy. Watu 22 waliugua na 5 kati yao wakafariki, wakiwemo wafanyakazi wawili wa kituo cha posta cha Brentwood mjini Washington, ambao hawakuandikiwa barua yoyote bali walikuwa wakipanga za wenzao. Hao hawamo katika mzaha huu. Tunaochekwa hapa ni sisi tuliobaki majumbani, tuliogeuka mabingwa wa viini kwa usiku mmoja na kuyafanya majiko yetu maabara.

Hatua ya kwanza: itazame bahasha kabla hujaishika. Mwezi Oktoba posta ya Marekani ilipeleka kadi ya maonyo kwa kila nyumba. Kadi hiyo ililetwa na tarishi yuleyule na katika sanduku lilelile tulilokuwa tukiliogopa, kwa hiyo jirani yangu aliisoma ikiwa sakafuni, akiigeuza kwa mwiko. Ilituonya tuishuku bahasha iliyoandikwa kwa mkono bila anwani ya mtumaji, yenye uvimbe upande mmoja, iliyofungwa kwa selotepu kupita kiasi, na iliyobandikwa stempu nyingi kuliko inavyohitajika. Maonyo mengine yaliongeza madoa na harufu isiyo ya kawaida. Nilipomaliza kusoma nikasema: huyu ni mama yangu mzazi. Barua zake kutoka Tanga zilikuwa na stempu zilizojaa nusu ya bahasha, kwa kuwa karani alikuwa na zile za thamani ndogo tu; zilikazwa selotepu kama mzigo wa basi la mkoani; zilinukia udi; na anwani yake hakuiandika hata siku moja, kwa hoja kwamba mtoto asiyejua mamaye anakaa wapi hastahili kuandikiwa.

Hatua ya pili: usiitikise, usiinuse, wala usimwite mtu aje kuinusa. Hapa ndipo wengi wetu tulipoanguka, kwa sababu mtu akiambiwa asinuse kitu, pua yake humwasha papo hapo. Unga wa kimeta huwa hatari zaidi ukiruka hewani na kuvutwa mapafuni, na mashine za kupangia barua, ambazo huzibana bahasha kwa kasi kubwa, ndizo zilizousukuma nje kupitia vitundu vya karatasi. Kwa hiyo iweke bahasha chini taratibu, ifunike, toka chumbani, funga mlango, kisha piga simu kwa wahusika. Mke wangu alitimiza yote hayo Novemba, barua ya mama ilipofika ikimwaga unga wa rangi ya kahawia pembeni, isipokuwa kwamba aliifunika kwa sufuria yetu ya pekee ya pilau, nasi tukala mkate siku nne.

Hatua ya tatu: irudishe pasi mahali pake. Ushauri wa kuzipiga barua pasi ili kuua viini haukutoka kwa walevi. Ken Alibek, aliyewahi kuwa miongoni mwa wakuu wa mpango wa silaha za viini wa Umoja wa Kisovieti, alipendekeza hadharani barua zipigwe pasi ya mvuke juu ya kitambaa chenye unyevu. Mimi siufuati, kwa kuwa spora za kimeta, yaani viini vyake vilivyojifungia ndani ya ganda gumu, ni sugu mno kwa joto la kupitisha tu, na anayeikandamiza bahasha ya unga huenda akautimua unga wenyewe. Faida niliyoiona ni kwamba bili za umeme za jirani yangu zilikuwa zimenyooka kuliko mashati yake.

Hatua ya nne: nawa mikono kwa maji na sabuni. Basi.

Maswali ya wanachama

*Je, maikrowevu haifai kuulia viini vya barua?*
Haifai. Serikali yenyewe ilitumia miale ya elektroni kwa barua za ofisi zake za Washington, nazo zilitoka zimekuwa manjano na kukauka kama majani ya mgomba. Aliyetumiwa mbegu za mchicha kwa njia hiyo asisumbuke kupanda.

*Nipo Nairobi. Si kweli kwamba na sisi tulifikiwa?*
Ilitangazwa hivyo Oktoba 2001, kuhusu barua iliyotoka Atlanta, lakini vipimo vya baadaye havikuonyesha kimeta. Hofu ilifika salama, unga haukuwemo.

*Mwalimu, kwetu Monduli kimeta hakiji kwa bahasha, huja kwa ng'ombe. Mbona hukusema?*
Umenikosoa kwa haki, ndugu yangu. Mnyama akifa ghafla na damu ikamtoka puani, asichunwe, asiliwe, wala asipasuliwe, maana damu ikikutana na hewa ndipo spora hufanyika, nazo hudumu udongoni miaka mingi. Taarifa zake zipelekwe kwa daktari wa mifugo. Wafugaji walilijua hili kabla ya maseneta.

*Shikamoo mwalimu. Ile barua ya mama mliisoma mwishowe?*
Marahaba. Waliokuja kuipima walisema ni bizari ya pilau, na mmoja wao akauliza inauzwa wapi. Ndani mama aliandika kwamba amesikia redioni habari za barua zenye unga, akaniomba nikijibu nisitie kitu chochote ndani ya bahasha, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na hapendi mambo ya kushtuana.