Kabla hujaenda kupima damu ya vitamini, madini na elektrolaiti: mambo ya kuzingatia kwa sisi wa Kigoma

Mama yangu alipigiwa simu na watu wa maabara saa kumi jioni, akaambiwa potasiamu yake, moja ya hizo elektrolaiti yani chumvichumvi za kwenye damu, imesoma 6.7 na aende hospitali sa hivi, asisubiri kesho. Tulikuwa nyumbani Mwanga hapahapa Kigoma mjini, mvua inanyesha, tukapanda bajaji mi nimemshika mkono maana nilishasoma kwenye simu kwamba potasiamu ya kawaida inacheza kwenye 3.5 mpaka 5 hivi na ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Kufika wakambandika zile waya za kifuani, moyo unapiga vizuri tu. Wakamtoa damu upya, majibu yakaja 4.4. Daktari akamuuliza, mama, asubuhi wakati unatolewa damu mkono uliufanyaje? Mama akanyanyua mkono akaanza kuonesha, anakunja ngumi anakunjua, anakunja anakunjua, kama mtu anayekamua kanga, akasema "mshipa ulikuwa hauonekani mwanangu, nikakamua weee mpaka vidole vikaingia ganzi, na ule mpira sijafunguliwa".

Ndo ikawa sababu yenyewe. Misuli ikifanya kazi huku mkono umefungwa inamwaga potasiamu kwenye damu ya hapohapo mkononi, alafu chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kuvuta damu nazo zinamwaga ya kwao, maana potasiamu ya mwili karibu yote inakaa ndani ya seli, kwenye maji ya damu inabaki kidogo sana. Kwa hiyo mashine ilisoma sawasawa kilichokuwa kwenye chupa, ila kilichokuwa kwenye chupa hakikuwa kilichomo mwilini mwa mama. Tangu siku ile ndugu yangu yeyote akisema anaenda kupima vitu hivi namwambia subiri kwanza tuongee, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa ya vipimo inatokea kabla damu haijafika kwenye mashine, na nyingi katika hizo wewe mwenyewe unaweza kuizuia.

Cha kwanza kabisa ujue unaenda kupima nini. Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoitwa vitamini zote, kila kimoja kinaagizwa peke yake na kinalipiwa peke yake, kwa hiyo mwambie daktari dalili zako vizuri ili achague. Ganzi na kuwaka moto miguuni, hasa kwa mtu wa sukari anayemeza metformini miaka na miaka, hapo daktari atafikiria B12 kwa sababu metformini inapunguza kunyonywa kwa B12. Mwanamke anayechoka, anayetoka hedhi nyingi, anayetamani kula udongo, hapo ni FBP, yani kile kipimo cha picha nzima ya damu, na feritini, feritini ndo inaonesha akiba ya madini ya chuma. Misuli kukaza usiku, moyo kudunda ovyo, kuharisha siku kadhaa, mtu wa presha anayemeza vidonge vya kukojosha, hapo ni elektrolaiti, yani sodiamu, potasiamu, kloraidi, na mara nyingi kalsiamu na magnesiamu vinaagizwa pamoja. Na ujue hivi vitu havifanani mwendo: sodiamu na potasiamu zinaweza kubadilika ndani ya masaa, ila B12 ini linaweza kuiweka miaka kadhaa ndo ipungue, kwa hiyo moja unakimbilia leo na nyingine hata ukipanga wiki ijayo haiharibiki kitu.

Naomba niseme na hili, linaniuma sana. Kuna watu wanapita na zile mashine ndogo unashika kidude cha chuma mkononi dakika moja, hakuna sindano hakuna damu, alafu inatoka karatasi ndefu inasema kalsiamu yako iko chini, zinki iko chini, vitamini zote ziko chini, na anayekupima anazo dawa za kukuuzia palepale. Hicho siyo kipimo. Kiwango cha kalsiamu kwenye damu kinajulikana kwa kuchukua damu, basi. Nimeona wamama wa sokoni wakitoa hela ya mtaji wa dagaa kununua makopo kwa karatasi kama hiyo na roho inauma.

Sasa dawa, na hapa ndo nataka uende polepole. Siku moja kabla chukua kila unachomeza nyumbani, vidonge vya hospitali, vya duka la dawa, vya kliniki ya wajawazito, unga wa mitishamba, vile vya nywele na kucha, weka kwenye kikapu uende navyo au vipige picha. Vile vya nywele na kucha ndo watu wanavisahau kabisa kwa sababu hawavihesabu kama dawa. Ndani yake mara nyingi kuna bayotini, nayo ni vitamini ya jamii ya B, mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku lakini kidonge kimoja cha nywele kinaweza kuwa na 5,000 au 10,000, na bayotini ikiwa nyingi kwenye damu inavuruga namna baadhi ya mashine zinavyopima, B12 na vitamini D zinaweza kusoma juu kuliko ukweli, na feritini au kipimo cha TSH, homoni inayoiendesha tezi ya shingoni, kikasoma chini kuliko ukweli. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya jambo hilihili. Kwa hiyo mwambie daktari, na kwa kawaida atakwambia uache siku mbili tatu kabla.

Vidonge vya madini ya chuma, ulize kama uviruke siku moja kabla, maana ukimeza asubuhi ukatolewa damu mchana kiwango cha chuma kwenye damu kinapanda kwa ajili ya kile kidonge tu. Na zile sindano za vitamini B watu wanazochoma wakisikia uchovu, ukichomwa juzi ukaenda kupima B12 leo itasoma juu na mtu atakwambia huna shida wakati shida unayo, kwa hiyo pima kwanza ndo uchome, siyo uchome ndo upime. Foliki asidi nayo ukimeza peke yake inaweza kurekebisha damu ikaonekana nzuri huku upungufu wa B12 unaendelea kula mishipa ya fahamu kimyakimya, ndo maana daktari anatakiwa ajue.

Lakini dawa za presha, moyo, sukari na kifafa USIACHE mwenyewe kwa ajili ya kipimo. Furosemaidi, ile ya kukojosha, inashusha potasiamu, lakini spironolaktoni na zile dawa za presha za jamii ya kaptoprili na losatani zinaweza kuipandisha, na daktari anataka kuona damu yako ikiwa kwenye dawa unazotumia kila siku, ukiziacha siku mbili unampelekea damu ya mtu mwingine na presha yako inapanda bure. Omeprazoli, ile dawa ya asidi ya tumbo, nayo itaje, ukiitumia muda mrefu inaweza kupunguza B12 na magnesiamu.

Kuhusu kula, dada yangu wa Kasulu alinipigia usiku saa nne kuniuliza hilo tu, nile nisile. Jibu linategemea kipimo. Elektrolaiti kwa kawaida hazina haja ya wewe kufunga kula. Vitamini A na E, na zinki, wanapenda uje hujala, na kama umeongezewa kipimo cha mafuta au sukari ya asubuhi utaambiwa masaa nane mpaka kumi na mbili bila chakula. Madini ya chuma yanapimwa asubuhi kwa sababu kwenye damu yanapanda na kushuka ndani ya siku hiyohiyo. Maji ya kawaida kunywa, mwili ukikauka mishipa inajificha na baadhi ya majibu yanapanda kwa sababu damu imekuwa nzito, ila usikaze kunywa lita tatu kwa mkupuo ukidhani unajisafisha, maji mengi kupita kiasi yanashusha sodiamu. Ndugu zangu wa Ujiji wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, chagueni siku nyingine kama inawezekana, au nendeni asubuhi mapema baada ya daku mkiwa mmekunywa maji ya kutosha. Na mtu wa sukari anayechoma insulini asifunge kula bila kuelekezwa na daktari, anaweza kuanguka njiani.

Alafu malaria. Huku kwetu malaria ni ya kila siku na ndo inayochanganya sana majibu haya. Mwili ukiwa na maambukizi feritini inapanda hata kama chuma kimekwisha, na vitamini A, zinki na chuma kwenye damu vinashuka hata kama mtu anakula mawese kila siku na akiba anayo. Ndo maana Shirika la Afya Duniani linaweka mistari miwili kwa feritini, mtu mzima mwenye afya akiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita anahesabiwa amepungukiwa chuma, lakini akiwa na maambukizi mstari unapandishwa mpaka 70. Kwa hiyo kama umetoka kumeza dawa ya malaria wiki hii sema, na kama siyo haraka muulize daktari kama msubiri mwili utulie wiki kadhaa. Ila hapa msinielewe vibaya: mtoto anayetapika na kuharisha, mtu aliyechanganyikiwa, mtu ambaye moyo unaruka mapigo au amelegea ghafla, huyo hasubiri chochote, anapelekwa leo, hajafunga kula, amekula, haijalishi.

Siku yenyewe vaa nguo ambayo mkono unapanda bila kubana. Fika mapema ukae dakika kumi, siyo umetoka Kibirizi kwa mguu unahema unakaa kwenye kiti unachomwa. Ukishakaa nyoosha mkono, fungua vidole. Ukiambiwa ukunje ngumi kunja mara moja ushikilie taratibu, usikamue. Mpira ukizidi dakika moja hivi mwambie kwa heshima, "samahani mwanangu, naomba ulegeze kidogo", hana sababu ya kukasirika, wengi ni watu wazuri tu wamezidiwa na foleni. Kama mgonjwa ana dripu mkono mmoja, damu itolewe mkono wa pili, la sivyo mnapima dripu. Angalia chupa inaandikwa jina lako hapohapo mbele yako, majina yetu yanafanana sana. Na chupa ya kifuniko cha zambarau kwa kawaida ina dawa yenye potasiamu ndani yake ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo ya elektrolaiti inatakiwa ijazwe kabla ya hiyo, na damu isimiminwe kutoka chupa moja kwenda nyingine, ukimimina potasiamu inapaa na kalsiamu inaanguka. Wanaojua kazi wanajua hilo, lakini kama ukiona linafanyika mbele yako sema.

Swali moja muhimu la kuuliza dirishani, mnapimia hapa au sampuli inasafirishwa? Vipimo vya vitamini mara nyingi havifanyiki kila maabara, na Kigoma mpaka Mwanza au Dar siyo karibu. Vitamini D na B12 zikishatenganishwa vizuri na kuwekwa kwenye baridi zinavumilia safari. Potasiamu haivumilii kukaa na chembe nyekundu, damu ikikaa masaa mengi haijatenganishwa, tena ikiwa kwenye friji, potasiamu inavuja nje na kusoma juu, kwa hiyo hiyo ipimwe hapahapa mjini. Zinki inataka chupa yake maalum isiyo na uchafu wa madini. Uliza na bei ya kila kipimo, na kama una bima uliza kabla hujatolewa damu kipi kinalipwa na kipi hakilipwi.

Na iodini, kwa sababu watu wananiuliza sana kuhusu chumvi ya Uvinza, hiyo upungufu wake kwenye jamii unapimwa kwa mkojo siyo damu. Wewe mmoja ukiwa na uvimbe shingoni daktari atapima homoni za tezi.

Majibu yakitoka omba karatasi, siyo kuambiwa tu iko sawa. Angalia namba imeandikwa kwa kizio gani, vitamini D ya 20 kwa nanogramu kwa mililita na ya 50 kwa nanomoli kwa lita ni kitu kilekile, watu wameshtuka bure kwa hilo. Kalsiamu ikisoma chini ulize albumini, ile protini kubwa ya damu, ikoje, maana karibu nusu ya kalsiamu inasafiri imebebwa na protini, albumini ikishuka nayo inaonekana imeshuka. Magnesiamu kwenye damu ni kama asilimia moja tu ya magnesiamu yote ya mwili, inaweza kusoma kawaida na bado ukawa na upungufu.

Mama alirudia tena mwezi uliopita. Dawa zake nilimwandikia kwenye karatasi ya daftari akaifunga kwenye pindo la kanga, na alipokaa kwenye kile kiti yule kijana wa maabara akamwambia shikamoo mama, kunja ngumi, mama akaweka mkono mezani, vidole vimenyooka vyote vitano, akamwambia "marahaba mwanangu, leo sikunji, utafute mshipa taratibu". Kijana akatafuta taratibu, akaupata. 4.2.