Soriasisi na methotreksati: kidonge cha mara moja kwa wiki

Soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, ikishatanda sehemu kubwa ya mwili, au ikiingia kwenye viungo, dawa za kupaka peke yake hazitoshi. Kidonge ambacho madaktari wa ngozi huanza nacho mara nyingi ni methotreksati: cha zamani, cha bei nafuu, na kinachofanya kazi vizuri. Ila humezwa mara moja kwa WIKI. Anayekimeza kila siku anaweza kufa, kwa sababu uboho wa mifupa huacha kutengeneza damu.

Kabla ya kuanza, pima wingi wa chembe za damu, ini, figo, homa ya ini B na C, kifua kikuu na VVU. Soriasisi inayolipuka ghafla na kwa ukali inaweza kuwa dalili ya kwanza ya VVU. Mwanamke apime mimba, na atumie uzazi wa mpango wa uhakika mpaka miezi 6 baada ya kuacha dawa, maana huharibu mimba. Anayenyonyesha asiitumie. Mwanamume anayetafuta mtoto aongee kwanza na daktari.

Chagua siku, uiandike kwa kalamu kubwa juu ya boksi: JUMAPILI. Bahasha ya dawa iliyoandikwa "4×1" haitoshi, kwani kila mtu nyumbani ataisoma kuwa vinne kila siku. Mwombe mtoa dawa aandike jina la siku. Dozi huanza chini, mg 5 hadi 10, kisha hupandishwa taratibu, kwa kawaida bila kuvuka 25. Kuna vidonge vya mg 2.5 na vya mg 10. Dozi ya mg 15 ni vidonge 6 vya 2.5, ukipewa vya 10 ukameza 6, umemeza mg 60. Basi soma namba kwenye boksi kila unapochukua dawa mpya.

Asidi ya foliki, mara nyingi mg 5, humezwa siku nyingine, tuseme Jumatatu. Hupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni. Kichefuchefu kikizidi, meza methotreksati usiku baada ya chakula.

Ukisahau na hazijapita siku 2, meza. Zikipita, subiri wiki ijayo, wala usimeze dozi mbili.

Damu hupimwa kila wiki 1 au 2 mwanzoni, baadaye kila miezi 2 au 3. Nenda siku moja au mbili kabla ya dozi inayofuata. Ukipima mara tu baada ya kumeza, vimeng'enya vya ini huweza kuonekana vimepanda bure.

Usichanganye na Septrin (kotrimoksazoli, antibiotiki) hata siku moja, na useme unatumia methotreksati kabla ya kupewa dawa yoyote, hata ya maumivu kama diklofenaki. Pombe acha.

Vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu, macho ya njano, kikohozi kikavu na kukosa pumzi: acha dawa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyemeza kila siku kimakosa aende hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu dawa ya kumwokoa, asidi ya foliniki (si ile ya foliki), hufaa zaidi ikiwahi.

Nafuu huanza kuonekana wiki ya 4 hadi ya 8. Usiikatie tamaa kabla ya wiki ya 16. Wengi hapo katikati hukimbilia prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa kuwa ngozi husafika haraka, lakini dawa hiyo ikiachwa, soriasisi hurudi kwa ukali, wakati mwingine na vipele vya usaha mwili mzima.