Acheni Kuchuma Fisalisi Mbichi

Kila ikifika Mei na baridi kuanza kuuma huku Uporoto na Umalila, kwenye milima ya Mbeya, mambo ni yale yale. Mkulima anaingia shambani na ndoo, anakung'uta kichaka kizima cha fisalisi, yale matunda madogo ya njano yanayokaa ndani ya mfuko kama wa karatasi, mbichi kwa mbivu, anazivua mifuko eti zipendeze, halafu anashangaa mnunuzi akimrudishia mzigo. Ninaandika kwa ajili ya hilo tu. Kitalu, samadi na palizi sirudii. Wengi wenu mmelima nyanya tangu mimi sijaanza kuvaa buti za kazi.

Kichaka hiki, ambacho kitaalamu ni Physalis peruviana, asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, lakini kwetu kimeshazoea kujiotea kwenye mashamba yaliyolazwa na pembezoni mwa misitu. Wanaokijua vizuri ni watoto wanaochunga. Na mtoto hakichumi, anaokota zilizoanguka. Watu wazima ndio mnaoharibu.

Fisalisi ni ya ukoo mmoja na kiazi na nyanya. Kiazi kilichopigwa jua kikawa kijani mnakitupa, sasa kwa nini mnauza fisalisi ya kijani? Ikiwa mbichi ni chungu, ina sumu na inavuruga tumbo. Tena ile iliyochumwa mbichi kabisa, hata ikigeuka rangi ndani ya kreti, utamu haiupati. Mlaji akikutana na chungu mbili tatu, kreti nzima anaiona mbovu.

Haya, hesabu. Tangu ua lifunguke mpaka tunda kuiva ni siku 60 hadi 80, na kwa baridi yetu shika 80. Acheni kukisia kwa macho. Funga uzi kwenye maua machache siku yanapofunguka, andika tarehe kwenye daftari. Mfuko hufikia ukubwa wake mapema kuliko tunda lenyewe, kwa hiyo mfuko mnene haukuambii kitu. Ngoja ukauke, uwe mwepesi kama karatasi na rangi ya majani makavu. Pasua mmoja uangalie: tunda liwe la njano ya dhahabu pote, hata pale kwenye kikonyo. Likiwa na ukijani hapo, bado. Kisha liguse. Lililoiva linaachia lenyewe. Kama unalazimika kuvuta, liache!

Tawi moja hubeba maua, mbichi na mbivu kwa wakati mmoja, za chini zikitangulia. Ndiyo maana haiwezekani kuvuna shamba lote kwa siku moja. Pita kila baada ya siku 5 hadi 7, na zilizodondoka okota kila siku, la sivyo konokono na panya watakutangulia. Tandaza nyasi kavu chini ya vichaka.

Anza kuvuna umande ukishakauka, saa nne asubuhi hivi. Mfuko ukiwa umelowa unaota ukungu, na tunda linapasuka. Mfuko usiuvue! Tandika fisalisi kivulini, safu moja, siku moja au mbili mpaka mifuko ikiguswa itoe mchakacho. Usizioshe, usizishindilie kwenye kiroba. Ndani ya mfuko mkavu, mahali penye hewa, zinakaa karibu mwezi mzima bila friji. Ukishauvua, unahesabu siku chache tu.

Najua pupa hii inatoka wapi: ni sakitu, ule umande unaoganda, ya Juni na Julai. Mnaona inakuja, mnakomba kila kitu. Lakini kosa lilifanyika nyuma, mlipopanda Februari. Sia Septemba kwa kumwagilia, mbegu ifukiwe nusu sentimita tu. Miche ikifika sentimita 15 hadi 20 ihamishie shambani mvua zinapoanza, Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Hapo utaanza kuvuna Aprili na Mei, mvua zikikatika, muda ukiwepo wa kusubiri tunda liive. Panda kwenye mteremko, kwa kuwa sakitu hukaa bondeni na kichaka hiki hakiistahimili. Mche na mche mita 1, mstari na mstari mita 1.5 hadi 2, maana mvunaji anapita humo kila wiki. Pasiwe palipotoka viazi au nyanya. Mnyauko na minyoo ya mizizi ni maadui wale wale.

Shamba likienda vizuri, mifuko ya rangi ya majani makavu inajaa chini kila asubuhi.

Wanaotafuta mbegu porini wawe waangalifu. Kuna gugu la kwenye mahindi lenye mfuko unaofanana na huu, ila ua lake ni la bluu iliyopauka na tunda lake hukauka. Hilo siyo. Ua la fisalisi ni la njano lenye madoa meusi katikati, na majani yake yana vinyweleo laini. Chukua mbegu kwenye tunda lililoanguka lenyewe. Moja lina mbegu zaidi ya 100, huna haja ya kubeba gunia.