Namna ya Kuyaongezea Uhuru Mashirika ya Umma Yanayofanya Vizuri

Serikali ianze kwa kuweka madaraja yanayopimika. Hapa Mwanza mfano tunao: mamlaka za maji nchini zimekuwa zikipangwa katika madaraja A, B na C kwa kuangalia kama zinajilipia mishahara, umeme na sehemu ya uwekezaji, na MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, iliwekwa daraja A.

Kisha iandikwe wazi ni maamuzi gani yanahama kutoka wizarani kwenda kwa bodi. India, iliyoanzisha mwaka 1997 daraja la Navratna kwa kampuni za umma zinazofanya vizuri, huziruhusu kampuni hizo kuwekeza katika mradi mmoja hadi asilimia 15 ya mtaji wake halisi, isiyozidi rupia bilioni 10, bila kuomba kibali. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa kampuni ya meli za Ziwa Victoria inayosubiri idhini ya kununua kila injini itaacha abiria na mizigo bandarini.

Bodi yenyewe iwe na wajumbe huru wanaoijua biashara. Msajili wa Hazina, anayesimamia mashirika ya umma kwa niaba ya Serikali, naye apime matokeo kila mwaka kwa mkataba wa utendaji, na shirika linaloporomoka lishushwe daraja bila kuchelewa.